Msimamizi Ndani ya Simu

Mama Pacha alikuwa mpiga pasi. Hakupiga pasi mashati na magauni ya nyumba moja. Alipiga pasi shuka za hospitali, za mabweni na za nyumba za wageni, katika kiwanda cha kufulia chenye wafanyakazi ishirini na wawili. Shuka zilitoka kwenye mashine zikiwa na unyevu. Yeye na mwenzake walishika ncha, wakazinyoosha, wakazipitisha kwenye rola la moto. Walikunja, wakapanga, wakaanza tena. Kazi hiyo aliifanya miaka saba, na vidole vyake vilikuwa vimezoea joto hata akiepua sufuria hatafuti kitambaa.

Nyumbani alikuwa na mume, fundi seremala aliyetengeneza milango, na mabinti wawili mapacha wa miaka tisa. Tangu mabinti hao wazaliwe, hakuna aliyemwita kwa jina lake tena. Mtaa mzima ulimwita Mama Pacha, na mumewe akawa Baba Pacha.

Mwaka huo kiwandani yaliingia mambo mawili mapya. La kwanza lilikuwa dawa ya kuondoa madoa. Ililetwa katika dumu kubwa la buluu, na harufu yake ilichoma pua. Tangu siku hiyo Mama Pacha alianza kukohoa. La pili lilikuwa programu ya zamu.

Msimamizi wao hakuwa mtu wa makelele. Alisema taratibu, na kila sentensi yake ilikuwa na "tafadhali." Asubuhi moja alipita na sinia, akakusanya simu za wafanyakazi wote. Alisema karatasi ya mahudhurio imepitwa na wakati, sasa kila mtu ataandikisha zamu yake kwenye simu yake mwenyewe. Aliwaomba wazifungue kabisa, akaenda nazo ofisini. Baada ya saa nzima alizirudisha, kila moja ikiwa na alama mpya ya saa ya kijani.

Akawafundisha. Ukifika getini, fungua programu. Kutatokea maandishi ya lugha ya kigeni na vitufe viwili. Bonyeza cha kulia. Na usizime simu, maana ukizima utahesabiwa hukuja kazini.

Mama Pacha alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, na alipenda kujua anachobonyeza. Aliuliza maandishi yale yanasema nini.

"Yanasema umefika kazini, mama," msimamizi alijibu. "Tafadhali bonyeza tu, wenzako wanasubiri."

Akabonyeza. Akabonyeza na kesho yake, na kesho kutwa, kwa miezi miwili.

Mtu aliyekuwa karibu naye zaidi pale kazini ni Shangazi. Hawakuwa ndugu. Shangazi alikuwa mama mtu mzima wa kuchambua nguo chafu, na kwa umri wake na utani wake, wote walimwita hivyo. Yeye alikuwa karibu zaidi na dumu la dawa kuliko mtu yeyote, na macho yake yalikuwa mekundu kutwa. Jumapili moja alimwandikia Mama Pacha ujumbe. Alisema amechoka na harufu ile, ameomba kazi ya usafi katika bweni la wanafunzi, na bado hajamwambia mtu mwingine.

Jumatatu msimamizi alimwita Shangazi ofisini. Alimwambia kwa upole kwamba kama anatafuta kazi kwingine, basi aanze kupumzika leo. Shangazi akamwaga unga, kazi ikamponyoka akiwa bado hajapata mpya. Alipotoka alisimama mbele ya rola, akamtazama Mama Pacha.

"Nilikuambia wewe peke yako," alisema. "Wewe peke yako."

Mama Pacha alijitetea hadi sauti ikakauka. Haikusaidia. Shangazi alikunja aproni yake, akaiacha juu ya meza, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakupokea simu ya Mama Pacha. Na wenzake pale kiwandani walianza kunyamaza kila alipokaribia. Hakuna aliyemwita mbeya waziwazi, lakini alilisikia neno hilo katika ukimya wao. Roho ilimuuma kuliko kifua.

Kifua nacho kilizidi. Baba Pacha alimsihi aende kituo cha afya, akaenda. Muuguzi alimpima, akachukua makohozi, akamwambia majibu yatafika kwenye programu ya kituo, ile ambayo wagonjwa wote waliwekewa. Akamuuliza pia kazini wanatumia dawa gani. Mama Pacha hakujua jina. Muuguzi akamwomba apige picha lebo ya dumu, amtumie.

Kesho yake, wenzake wakiwa wameenda kula, Mama Pacha aliingia peke yake kwenye stoo iliyo kando ya chumba cha kuchambulia, dumu lilipowekwa. Akapiga picha lebo, akaituma kwa ujumbe wa kawaida. Stoo haikuwa na dirisha, na mlango aliufunga. Lakini asubuhi iliyofuata alikuta lebo ya dumu imebanduliwa. Ilibaki gundi tu na vipande vya karatasi. Alisimama akilitazama dumu lile. Nani alimwona? Alikumbuka kila hatua aliyopiga, hakupata jibu.

Siku ya tatu, jioni, akiwa sebuleni na familia yake, simu ikalia. Ujumbe ulisema majibu yako tayari. Mabinti waliacha daftari zao. Baba Pacha alisogeza kiti. Mama Pacha akafungua programu ya kituo cha afya, akaandika namba yake ya siri, akagusa palipoandikwa Majibu.

Kioo kikawa cheusi. Katikati yakatokea maandishi meupe, naye akayasoma kwa sauti, neno kwa neno:

"Skrini ya simu hii inaonyeshwa au inarekodiwa kwenye kifaa kingine. Tumeficha majibu yako ili kukulinda. Zima urekodi, kisha ujaribu tena."

Akajaribu tena. Maneno yakawa yaleyale. Akajaribu mara ya tatu na ya nne.

Baba Pacha alisema kwa sauti ya chini kwamba labda majibu ni mabaya sana, ndiyo maana wanayaficha. Mama Pacha alipandwa na hasira. Alisema wamemchukua makohozi, wamemtoa jasho kwenye foleni, na sasa wanamfungia mlango usoni kwa ugonjwa wake mwenyewe. Alichukua mtandio, akavuka barabara, mumewe nyuma yake, hadi kwa Bisibisi.

Bisibisi alikuwa fundi simu. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyechomeka bisibisi kwenye nywele kama wengine wanavyochomeka kalamu, na hapo ndipo jina lilipotoka. Kibanda chake kilikuwa na meza moja, taa moja na visanduku vya vipuri vilivyoandikwa kwa mkono. Mama Pacha aliweka simu mezani, akasema programu ya kituo cha afya ni mbovu na watu wake hawana utu.

Bisibisi alisoma maandishi. Hakucheka. Akasoma tena.

"Dada, hii programu si mbovu," alisema. "Hii ndiyo pekee iliyokuambia ukweli."

Mama Pacha aliuliza ukweli gani.

"Skrini ni kioo hiki unachokitazama. Kuna mtu anakitazama pamoja nawe, kutoka kwingine. Unachokiona wewe, naye anakiona."

Mama Pacha alisema haiwezekani, simu haijawahi kulala kwa mtu mwingine. Ndipo Bisibisi akachukua simu mbili za wateja wa zamani alizokuwa amezinunua kwa ajili ya vipuri. Akaminya hapa na pale, akaziweka moja upande huu wa meza na moja upande ule. Akampa Mama Pacha ile ya kwanza, akamwambia aandike chochote. Mama Pacha aliandika majina ya mabinti zake. Kila herufi aliyoigusa ilijitokeza palepale kwenye simu ya pili, ambayo hakuna aliyeigusa. Alifungua picha, nayo ikafunguka kule. Alifuta, ikafutika kule.

Baba Pacha, ambaye si mtu wa maneno, alisema, "Hii ni kupiga chabo, kumchungulia mtu."

"Ndiyo, shemeji. Chabo ya mchana kweupe," Bisibisi alijibu.

Akawaeleza. Kuna kazi halali za jambo hili. Mwalimu anaweza kuonyesha somo ukutani kutoka kwenye simu yake. Fundi anaweza kumsaidia mteja aliye mbali. Lakini mwenye simu lazima ajue na akubali. Na simu inapoonyeshwa au kurekodiwa, yenyewe inajua. Programu iliyotengenezwa na watu makini inaiuliza simu: je, tuko peke yetu? Simu ikijibu hapana, programu inafunika mambo ya siri. Za benki nyingi hufanya hivyo, na hii ya kituo cha afya pia.

"Ila si programu zote," aliongeza. "Ujumbe wako wa kawaida haukuuliza. Picha zako hazikuuliza. Kwa hiyo usikae ukisubiri kuambiwa. Tazama hapa juu."

Alimwonyesha ukingo wa juu wa kioo. Karibu na alama ya betri palikuwa na kialama kidogo, umbo la kisanduku chenye mistari mitatu ya mviringo. Mama Pacha alikuwa amekiona kila siku kwa miezi miwili. Alidhani ni alama ya mtandao.

Kisha Bisibisi aliuliza kama kuna mtu alimwekea programu karibuni. Mama Pacha alitaja ile ya zamu. Bisibisi aliizima simu, akaiwasha, akafungua alama ya saa ya kijani. Yale maandishi ya lugha ya kigeni yakatokea na vitufe vyake viwili. Bisibisi aliyatafsiri polepole, kidole chake kikifuata mstari:

"Programu hii itaona kila kitu kitakachokuwa kwenye skrini yako. Hii ni pamoja na maneno ya siri, ujumbe na picha. Je, unaruhusu?"

Mama Pacha alikaa kwenye stuli. Alimkumbuka msimamizi na sauti yake ya taratibu. Yanasema umefika kazini, mama. Kumbe kila asubuhi, kwa kidole chake mwenyewe, alikuwa akimfungulia mlango.

Sasa mambo yalijipanga kichwani mwake. Ujumbe wa Shangazi. Lebo ya dumu. Kisha akakumbuka mengine, na uso ukamwaka moto. Alikuwa amempigia dada yake kwa video akiwa na taulo tu, wakicheka. Alikuwa amemwandikia mumewe maneno ambayo ni ya mumewe. Alikuwa amemwandikia muuguzi kuhusu damu aliyoiona kwenye leso. Yote hayo mwanamume mmoja aliyasoma akiwa amekaa kwenye kiti cha ofisi, kisha akamwamkia asubuhi kwa "tafadhali."

"Futa," alisema. "Futa sasa hivi."

Baba Pacha tayari alikuwa mlangoni, na alisema anajua nyumba ya msimamizi ilipo. Bisibisi alimzuia kwa mkono.

"Mkienda na ngumi, yeye ndiye atakayeshtaki. Mkifuta sasa, atasema haikuwepo. Kwanza tuchukue ushahidi."

Alipiga picha kwa simu yake mwenyewe, si kwa ile iliyokuwa ikionwa. Alipiga yale maandishi ya ruhusa. Akabonyeza kitufe cha kulia, akapiga picha ya kialama kilichojitokeza juu. Akaingia kwenye mipangilio, akapiga picha ya mahali palipoandikwa kwamba kioo kinatumwa kwa kifaa kinachoitwa Kompyuta ya Ofisi. Akapiga na lile onyo la kituo cha afya. Ndipo akaanza kusafisha, huku akimfanya Mama Pacha abonyeze mwenyewe ili ajifunze.

Walisimamisha kuonyesha kioo. Walitafuta ndani ya mipangilio orodha ya programu zilizopewa ruhusa ya kuona kioo na kukigusa kwa niaba ya mwenye simu, wakaiondolea ile ya zamu ruhusa zote. Waliifuta. Waliangalia kama ujumbe wake umeunganishwa na kifaa kingine, wakakuta umeunganishwa na kompyuta ileile, wakakata. Walizima simu na kuiwasha. Kile kialama hakikurudi. Mwisho Mama Pacha alibadilisha maneno yote ya siri. Bisibisi alisisitiza kwamba hilo lifanyike mwisho, baada ya kusafisha, la sivyo yule bwana angeyaona na mapya.

Mama Pacha akafungua programu ya kituo cha afya. Akagusa Majibu. Kioo hakikuwa cheusi tena.

Hakuwa na kifua kikuu. Njia zake za hewa zilikuwa zimeungua kwa kemikali. Dawa ya madoa iliyokuwa kwenye picha, muuguzi aliandika, haitakiwi kutumiwa ndani ya chumba kisicho na hewa, na asiyevaa barakoa maalumu asiiguse. Lebo ileile iliyobanduliwa ilikuwa imesema hivyo hivyo.

Baba Pacha alishusha pumzi, akaweka mkono begani kwa mkewe. Mkewe hakushusha. Hofu ilikuwa imemtoka, lakini hasira ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Kesho yake hakwenda kazini kwanza. Alikwenda kwa Shangazi. Shangazi alifungua mlango nusu. Mama Pacha hakujitetea tena, alimpa tu picha alizochapishiwa na Bisibisi, na karatasi yenye tafsiri. Shangazi alisoma akiwa amesimama mlangoni. Alipofika kwenye neno ujumbe, alikaa chini kizingitini.

"Nilikutukana moyoni wiki sita," alisema.

Mama Pacha alimwambia wataombana radhi baadaye, sasa wavae viatu.

Walienda pamoja ofisi ya ukaguzi wa kazi. Mkaguzi alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisikiliza, akatazama picha moja moja, akauliza maswali machache yaliyonyooka. Je, mliambiwa? Je, mlisaini popote? Hapana na hapana. Akachukua mkoba wake.

Walifika kiwandani zamu ikiwa imepamba moto. Msimamizi aliwapokea kwa upole wake wa kila siku, akasema ofisi ina siri za biashara. Mkaguzi alijibu kwamba siri za biashara ndizo alizokuja kuzitazama, akasukuma mlango.

Juu ya meza palikuwa na kompyuta. Kioo chake kilikuwa kimegawanywa vijidirisha ishirini na moja, na chini ya kila kimoja jina la mfanyakazi. Kijidirisha cha Shangazi kilikuwa kimeondolewa zamani. Cha Mama Pacha kilikuwa kitupu, rangi ya kijivu. Katika vingine mambo yalikuwa yakienda. Mtu mmoja alikuwa akimwandikia mwanawe. Mwingine alikuwa akitazama picha za harusi. Wafanyakazi walikuja mmoja mmoja mlangoni, mikono ikiwa na povu, na kila mmoja alijitafuta. Mwenzake Mama Pacha wa kwenye rola aligusa simu yake mfukoni, akaona kijidirisha chenye jina lake kinawaka. Aliitoa simu, akaiweka sakafuni taratibu kama mtu aliyeshika kitu kichafu.

Msimamizi alisema alikuwa akilinda kazi ya kampuni. Alisema simu huwapotezea watu muda. Alisema hakuwa na nia mbaya, na kwamba wote walibonyeza kukubali.

Mama Pacha alikuwa ameandaa maneno mengi njiani. Alitumia machache.

"Nilikuuliza maandishi yanasema nini. Ulijua kusoma, mimi sikujua lugha ile, ukanidanganya. Miezi miwili umekaa sebuleni kwangu bila kupiga hodi. Umesoma ugonjwa wangu niliomwandikia muuguzi, na ulipojua dawa inaniua, ukabandua lebo. Hukuacha hata kusema tafadhali."

Msimamizi alisogea pembeni ya meza.

Mkaguzi aliifunga kompyuta, akaibeba pamoja na dumu la dawa. Mwenye kiwanda aliitwa, akaja akitokwa jasho, akidai hakujua lolote. Mkaguzi alimwambia kutojua ni kosa lake la kwanza. Wiki hiyo hiyo msimamizi aliondolewa, na shauri lake likapelekwa mbele. Programu ya zamu ilifutwa kwenye simu zote, na Bisibisi ndiye aliyeitwa kuzikagua, moja baada ya nyingine, kila mwenye simu akitazama na kuuliza. Karatasi ya mahudhurio ikarudi ukutani. Chumba cha kuchambulia kilitobolewa madirisha mawili na kuwekwa feni ya kutoa hewa, na dawa ikabadilishwa. Shangazi alirudishwa kazini. Wenzao waliomnyamazia Mama Pacha walimwomba radhi, wengine kwa maneno, wengine kwa kumshikia ncha nzito ya shuka bila kuombwa.

Mwezi uliofuata alikuja msimamizi mpya. Siku ya tatu alileta programu ya kupashana habari za dharura, akaomba kila mtu aiweke. Maandishi ya ruhusa yalipotokea, ishirini na wawili wote walisimama. Hakuna aliyebonyeza. Shangazi alisema yasomwe kwa sauti, yote, na kwa lugha yao. Msimamizi mpya alitazama saa yake, akawatazama wao, akaanza kusoma. Programu iliomba kutuma taarifa. Hilo walikubali. Iliomba pia kuona picha zao. Mama Pacha aliuliza picha zina kazi gani kwenye dharura. Msimamizi alifikiri, akakiri kwamba hajui.

"Basi hapo tunakataa," alisema Mama Pacha.

Wakabonyeza kitufe cha kushoto, wote, kisha wakarudi kwenye mashine zao.

Kikohozi kilimwacha polepole, baada ya wiki nane. Saa ya chakula, akiwa peke yake kwenye benchi la nje, alifungua programu ya kituo cha afya. Alitazama kwanza ukingo wa juu wa kioo. Palikuwa na betri, mtandao na saa, basi. Akaanza kumwandikia muuguzi. Alimwandikia usingizi ulivyorudi, na damu ilivyokoma. Alimuuliza na swali la mwilini mwake ambalo hakuwahi kumuuliza mtu, akaliandika lote bila kulipunguza, akatuma.